Ukurasa wa Mateka

Kabambare, Shawali 1310

Dada yangu Amisa,

Mimi ni mzima, na mvua huku ni nyingi.

Mwalimu Abdallah, tuliyekimbia naye vita vya Wazungu huko Kasongo, hakuliacha sanduku lake la vitabu. Unakumbuka alivyokuwa akilia akitusomea vita vya mji mtakatifu wa Kudisi, pale Sultani Salahudini alipowafungua mateka Wakristo? Juzi wapagazi walipotoroka, aliwaambia askari wake, "Mfungeni Kalonda. Bado ni mshenzi, si Mwislamu." Kalonda ni jina nililoliacha mbele yake, siku aliponisilimisha akaniita Ramazani.

Sasa sanduku nalibeba mimi, mnyororo shingoni.

Karatasi hii nimeichana humo, katika kitabu chake. Ukimaliza kusoma, igeuze. Nyuma ni ukurasa ule aliokuwa akiulilia.

Mdogo wako,
Ramazani