Polishi kwenye Mikanda ya Bwana Robota

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili siwezi kumwambia hata jirani, nitachekwa mpaka nizeeke. Mume wangu ana trekta na mashine ya kufunga nyasi, ile inayozoa nyasi zilizokatwa, inazizungusha ndani kwa mikanda mipana ya mpira, kisha inatema robota la mviringo, na kwa miaka ishirini na miwili wafugaji wote hapa wanamwita Bwana Robota, kwa sababu robota lake hata ulisukume mlimani halifumuki. Sasa mwezi uliopita alikwenda kumuuguza kaka yake siku kumi, mimi nikabaki na upweke, nikasema huyu baba atarudi amechoka, ngoja nimpendezeshee mashine yake, nikaiosha, nikachukua polishi ya sakafu ileile ninayopaka sebuleni, nikapaka milango yake, nikapaka, Mungu nisamehe, na mikanda yote sita, ndani na nje, kwa mswaki, kila mfereji, mpaka ikawa nyeusi tii inang'aa. Aliporudi alisimama uani akashika kiuno, akasema, "Mama Pacha, hii ni mashine au bibi harusi?" akawaita majirani waje waone, na mimi kichwa kikavimba.

Ilipoingia kazini sasa! Nyasi zinaingia, zinatelezateleza tu humo ndani, hazijikunji, robota halianzi, mwisho zinajazana mdomoni mashine inakabwa, anazima, anazitoa, anawasha, yaleyale. Amekagua springi, rola, beringi, cheni, meno ya kuzolea, amebadilisha hadi mwendo wa trekta, mikanda tu ndiyo anaipita kama haioni, na mimi nimesimama pembeni na chupa ya chai, nimeufyata. Juzi mfugaji mwenye shamba kubwa akamwambia mbele ya watu, "Mzee, labda mikono imechoka. Nyasi zangu ziko chini na mawingu ndiyo hayo. Nakupa mpaka Alhamisi, ikishindikana namwita mwingine." Mume wangu akajibu kwa upole tu, "Huenda ni kweli, uzee haupigi hodi." Shangazi, nilikwenda kulia chooni. Ana miaka hamsini na minne tu! Nikisema ni mimi, nitamwaibisha kwa watu walewale aliowaita waje waone; nikinyamaza, anapoteza jina lake. Nifanye nini mimi?

Mama Pacha

Mama Pacha,

Kwanza nimecheka, ndipo nikakuonea huruma, na sasa nakugombeza. Mwanamke, mikanda ya mashine ni sebule? Kisa chako nimempelekea fundi mwenye gereji nyuma ya ofisi yetu, bila kukutaja, akacheka mpaka spana ikamdondoka. Anasema robota huanza kwa mkwaruzo. Ile mifereji ya mkanda ndiyo inayozikamata nyasi na kuzikunja, na wewe umeiziba kwa mapenzi. Nyasi zenyewe zikiwa kavu kau za jua la mchana, ndiyo kabisa hazishiki.

Halafu fundi akaacha kucheka, akaniuliza: "Mtu wa miaka ishirini na miwili kazini anakagua hadi beringi, anaacha mikanda? Hata fundi wa jana angeanza na mikanda." Hebu soma tena barua yako. Mumeo anajua, Mama Pacha. Nadhani alijua siku ile ile. Angeweza kuiosha kimya kimya, lakini ungeona weusi wako umetoka, ukajua umeharibu. Akaona afadhali aitwe mzee. Wewe unaficha asiaibike, yeye anaficha usiumie, na nyasi za watu zinaoza hapo katikati. Mapenzi gani haya yasiyo na mdomo?

Basi sikiliza. Leo, si kesho, ukimpelekea chai mwambie maneno matatu: "Ni polishi yangu." Usianze na hadithi ya upweke, hiyo mtaisimulia mkiwa mnasugua. Trekta izimwe, ufunguo ukae mfukoni mwako, mlango wa nyuma ukifunguliwa utiwe komeo usije ukawashukia. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu, ndani na nje, wote wawili, kisha msuuze mikanda na kuiacha ikauke. Petroli msiguse, inakula mpira. Asubuhi aanze umande ukiwa haujaisha kabisa. Mstari wa nyasi uwe mpana kama mdomo wa mashine, aende taratibu akiyumba kushoto na kulia mpaka kiini cha robota kishike. Fundi anasema Alhamisi mnaiwahi, ila msikae kupiga soga.

Huyo mfugaji mwambieni mikanda ilikuwa inateleza. Ni kweli tupu, na mengine hayamhusu. Milango iacheni ing'ae, imependeza bwana. Ila kiti cha dereva, nakuomba, usikipake kitu.

Na robota la kwanza likitoka, trekta ikishazimwa, weka hiyo chupa ya chai chini. Mshike mikono aliyoisingizia uzee kwa ajili yako, umwambie asante.

Shangazi