Mke Wangu Anataka Niufute Ukurasa Alioupanga Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza. Mimi ni fundi wa vigae, nafanya kazi mbali na kwetu, mwaka wa sita sasa, na safu yako naifahamu kwa sababu magazeti ya zamani ndiyo tunayotandika sakafuni tusichafue, na mara nyingi nimejikuta nimepiga magoti nasoma shida za watu huku gundi ya vigae inanikaukia ndooni. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo penye makosa rekebisha wewe.

Siku niliyoondoka nyumbani gari lilikuwa linapita saa tatu asubuhi, na mke wangu alikuwa amekaa mlangoni juu ya dumu la maji, akaniomba simu. Ilikuwa mpya, tuliinunua kwa ajili ya safari. Akaniambia, "Wewe kusoma kwako ni kwa kukwaruza, utapotea humu ndani. Lete nikupangie." Unajua ukibonyeza alama ya kuingia mtandaoni unafunguka ukurasa wa mwanzo wenye visanduku vidogo, na humo waliotengeneza simu walikuwa wamejaza vitu vyao, habari za waigizaji na matangazo, naye akaviondoa kimoja kimoja kama anachambua mchele, kisha akaniuliza, "Asubuhi ukiamka unataka uone nini?"

Nikasema, "Nikuone wewe."

Akanipiga kofi la bega. "Acha upuuzi, gari linakuja."

Akaweka visanduku sita. Cha kwanza hali ya hewa ya kwetu, cha pili redio ya kwetu, cha tatu ukurasa wa shule ya msingi ya binti yetu, ambako walimu huweka picha na matangazo, cha nne matokeo ya mpira, akasema hiyo ni rushwa ili nisivifute vingine, cha tano ratiba ya mabasi ya kurudi. Cha sita kilikuwa duka la cherehani, na aliponiona namtazama akasema, "Ukiiona kila siku hutaisahau." Sikuisahau, mwaka wa pili nilimtumia cherehani, na ndiyo anayoshonea nguo za wateja mpaka leo, lakini kile kisanduku bado nimekiacha palepale.

Mshauri, ule ukurasa ndio ulionilea huku. Chumbani tuko wanaume wanne, vitanda vya juu na chini, kamba za nguo zimepita juu ya vichwa vyetu, buti zimepangwa mlangoni na kila mtu anajua za mwenzake kwa harufu. Mimi nikiamka, kabla sijanawa uso, nabonyeza. Nikiona alama ya wingu basi mvua ya kwetu naiona yote, jinsi inavyoanza kwenye bati la jikoni ndipo ihamie la chumbani, naona ndoo inavyosogezwa kwenye mchirizi, namsikia mke wangu anavyomwita binti kwa ile sauti ya kukimbilia kamba ya nguo, na hapo naweza kuvaa buti na kwenda kazini. Redio yenyewe ilifungwa mwaka wa tatu, ukibonyeza inakuja karatasi nyeupe inayosema ukurasa haupatikani, na mimi hata hiyo nyeupe naibonyeza. Kwenye ukurasa wa shule kuna picha ya darasa la nne, binti yangu yuko safu ya pili, ameficha pengo kwa kiganja, anacheka. Sijawahi kushuka chini ya picha hiyo.

Kuna fundi bomba analala kitanda cha chini yangu, tunamwita Kipara ingawa ana nywele nyingi kuliko sisi sote. Ananicheka sana. "Mzee, hii si simu, hii ni makumbusho. Nipe dakika mbili nikusafishie."

Nikamwambia, "Ukigusa hapo utafute pa kulala."

"Haya bwana, kaa na redio yako bubu."

Sasa sikia kosa langu. Miaka miwili iliyopita mwenye nyumba aliitaka nyumba yake, na binti alikuwa amechaguliwa sekondari ya mji mwingine, basi mke wangu akaona bora wahamie hukohuko, na ni mji wa milimani, mbali sana na kwetu. Aliniambia. Sisemi hakuniambia. Aliniambia kwenye simu mara tatu, mimi nimekaa juu ya boksi la vigae, mgongo unawaka moto, najibu sawa, sawa, sawa mama, fanya unavyoona. Nilijua wamehama, ungeniuliza ningekujibu wamehama. Ila asubuhi kidole kinakwenda kulekule, na mvua ninayoiona ni ya nyumba tuliyoiacha.

Mwezi uliopita nikaona wingu jeusi lenye radi. Mchana tulipokaa kula nikampigia kama kawaida yangu, nikasema, "Mama watoto, anua nguo, mvua kubwa inakuja."

Akauliza, "Mvua ya wapi?"

"Ya hapo nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Hapo ndipo nikashtuka. Akaendelea polepole, kama mtu anayehesabu mishono. "Huku jua linachoma tangu Jumatatu, baba watoto. Hiyo mvua inawanyeshea watu wengine. Hata kamba ya nguo kule si yangu."

Nikacheka, nikidhani tutacheka wote. Hakucheka. Akasema, "Miaka miwili unaniambia leo kwenu joto, naitikia, ndiyo, joto, na mimi nimejifunika shuka mbili. Nimeitikia nisikuvunje moyo. Nimechoka kuitikia hali ya hewa ya watu." Kisha akasema, "Ule ukurasa niliupanga mimi, na mimi nasema ufute. Likizo ikifika hujaufuta, usije huku. Nenda kakae kwenye ile nyumba unayoiangalia."

Likizo yangu ni baada ya wiki sita, ya kwanza tangu wahame. Tangu siku ile hapokei simu. Namwandikia ujumbe mrefu mpaka kidole kinauma, ananijibu neno moja, "Sawa." Nilimpata binti nikamwomba anisaidie, naye akaniambia, "Baba, hata mimi bado unaniuliza habari za mwalimu wa darasa la nne. Niko kidato cha pili."

Sikukaa kimya, nimejaribu. Jumapili nilikaa peke yangu kwenye ngazi, nikakishikilia kile kisanduku cha hali ya hewa, likatokea neno Ondoa, na mkono huu unaokata vigae siku nzima bila kutetemeka ukagoma. Nikiweka ule mji mpya nitaona nambari tu. Sijui paa lao linalia vipi, sijui mlango wao unatazama wapi. Na nikivifuta nahisi ile asubuhi ya mlangoni nayo inakwenda, na mimi huku sina nyingine. Kipara anasema nimdanganye kuwa nimefuta, atajuaje. Wengine wanasema nisubiri hasira zishuke. Mshauri, kweli mke anaweza kumwonea wivu mtu kwa ajili ya ukurasa wa simu? Nifute, nidanganye, au nisubiri?

Wako, fundi wa vigae.

*

Fundi,

Pole kwa magoti na pole kwa mgongo. Pole zimeishia hapo.

Usidanganye. Huyo Kipara mwachie mabomba yake. Na usisubiri hasira zishuke, kwa sababu mwanamke anayekujibu "Sawa" ameshamaliza hasira, sasa anakuonjesha chakula ulichompakulia wewe miaka miwili.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umenieleza bati la jikoni, umenieleza ndoo, umenieleza picha ya mtoto na kiganja chake. Nyumba anayolala mkeo leo hukunieleza hata tofali moja. Mlango hujui unatazama wapi! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wewe ulikuwepo, simu ilikuwa sikioni, ukaamua kutokuwepo kwa hiari yako. Mwenzio alifunga mizigo peke yake, akapanda milima na mtoto na cherehani, akaanza kutafuta wateja kwa watu wasiomjua, na mumewe kila mchana anampigia kumwambia aanue nguo za mpangaji mwingine. Huo unauita wivu? Kama ni wivu, basi anajionea wivu yeye mwenyewe, yule wa zamani, ambaye unaamka naye kila asubuhi.

Kukumbuka si dhambi. Mimi mwenyewe nina ufunguo wa nyumba iliyobomolewa zamani, uko kwenye mkoba huu hapa, na sitautupa. Ila siendi nao kubisha hodi kwa watu. Wewe umeyatamani ya kwenu mpaka ukawasahau wa kwenu, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Unaogopa asubuhi ile itaondoka. Fundi, asubuhi ile ilikuwa na nini? Alikuwepo mwanamke aliyekuuliza unataka uone nini, akakupangia kwa mikono yake. Mwanamke huyo yuko hai. Anaomba akupangie tena, ila ameomba kwa ukali kwa sababu kwa upole hukusikia. Wewe unang'ang'ania alichokifanya na kumkimbia mfanyaji.

Sasa fanya hivi, na ufuate mpangilio huu maana wewe ni mtu wa vipimo. Kwanza ipige picha skrini yako ikiwa na visanduku vyote sita kama vilivyo, uihifadhi pamoja na picha zako nyingine. Hapo ndipo mahali pa kumbukumbu, na hakuna atakayekunyang'anya. Pili, acha hizo barua ndefu za kujitetea. Mtumie ujumbe mmoja wa sauti, mfupi, usitaje likizo, usitaje uchovu. Sema, "Nilikukosea, sikuwa nakusikiliza. Naomba unielezee nyumba yako, nimekaa nasikiliza." Kisha kweli usikilize. Akisema chumba kina dirisha moja, uliza linatazama nini. Akisema jirani ni msumbufu, uliza anafanya nini. Neno "sawa" likikujia kinywani, limeze. Binti usimfanye tarishi wa ugomvi wenu; yeye mpigie kwa habari zake, na uanze na jina la mwalimu wake wa sasa.

Tatu, usiufute ukurasa peke yako. Nawajua wanaume, utaamka na ushujaa ufute vyote halafu utake pongezi. Mwombe mkeo nusu saa. Mwache yeye aseme, wewe ubonyeze: hiki ondoa, hapa weka hiki. Hali ya hewa ya milimani utaanza kwa kuona nambari, ni kweli, na kila asubuhi atakueleza nambari hiyo ina maana gani kwake, mpaka siku utakayoijua bila kuelezwa. Visanduku vikizidi sita au vikabaki viwili, usibishane naye. Na likizo ikifika, kwenye ile nyumba ya zamani usipite hata kwa kuchungulia. Nenda moja kwa moja.

Na wewe mama, kama gazeti hili litafika milimani: ulikosea kuitikia joto ukiwa umejifunika shuka mbili. Mtu aliye mbali humwoni anavyopotea, na kila ulipoitikia ulimsukuma mbele kidogo. Akikutumia huo ujumbe wa sauti, mjibu kwa maneno zaidi ya moja.

Fundi, bado jambo moja. Unasema humpigia mchana mnapokaa kula, kama kawaida yako. Huenda huo ndio wakati wateja wake wamejaa mlangoni, na wewe hukuwahi kumuuliza. Leo mwandikie umuulize anapumzika saa ngapi. Akikutajia saa, hata kama ni ile ambayo mwili wako unadai kitanda, mpigie saa hiyo.