Kiti cha Kinyozi

Dada yangu,

Mama hajambo, kikohozi kimemwachia. Mimi bado nanyoa. Unanijua: anayekaa kitini ndiye msema kweli. Akimsifu mwenyekiti wa chama tawala, naitikia; akimsifu mpinzani wake, naitikia vilevile.

Juzi mfuasi wa mwenyekiti alikuwa kitini, wa mpinzani akisubiri kwenye benchi. Wa kitini akauliza, "Kinyozi, hebu sema, nani atatufaa?"

Nikageuka kunoa wembe. Wa benchi akacheka: "Mbona kwangu huwa una jibu?" Wa kitini akainuka na kichwa kilichonyolewa nusu, wakatoka pamoja.

Leo asubuhi nimefungua kufuli la kibanda mwenyewe, likiwa zima, nikakuta kiti kimegeuzwa kutazama mlango, na juu yake wembe wangu umewekwa wazi.

Mama alikwisha kukutandikia kitanda, uje tupige kura pamoja. Nimemwambia umenyimwa likizo. Tafadhali, usije, usiniumbue.

Mdogo wako