Turbo Ambayo Hakuna Aliyeikataa

Nyumbani,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwanza, maana najua ukiona mwandiko wangu utaruka salamu na kutafuta mabaya. Hakuna mabaya mapya. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, umeacha kupanda zile ngazi za kazini kwa miguu kama daktari alivyokuambia, au bado unajifanya msichana? Baba watoto hajambo? Watoto wanasoma, au wanakula tu? Sisi huku wazima. Mke wangu anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi, lakini anakohoa huku anafua na kugombana na majirani, kwa hiyo usimwonee huruma sana.

Mara ya mwisho uliniuliza kwenye simu kama nimelia, nikakwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Sijalia, Dada. Tangu tumzike kaka yetu Mbishi nakula, nalala, naoga, nachana nywele. Watu wakija kunipa pole nawaitikia vizuri na kuwauliza habari za kwao. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Kuna wanaosema nina roho ngumu, na siwajibu, kwa sababu sijawahi kubishana peke yangu.

Nikueleze habari za gari. Najua wewe na vyuma hampatani, lakini vumilia, maana mengine yote yanapitia humo.

Gari la kuvuta magari mabovu, lile la Baba, lilikaa uani bila kazi tangu wiki ya msiba. Turbo yake imechoka. Turbo ni kile kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho kinasukuma hewa ndani ya injini ili dizeli ipate nguvu. Ya kwetu ukiishika mhimili kwa vidole inacheza kama jino la mtoto, na inakunywa oili kuliko gari linavyokunywa mafuta. Ikivunjikia njiani vipande vitaingia kwenye injini, na hapo tutakuwa tumezika mara mbili mwaka mmoja.

Wakati huohuo kampuni moja ya mabasi inatafuta mtu wa kuvuta mabasi yao yanayokufa kwenye ule mpando mrefu wa kutokea mjini. Basi tupu tulikuwa tukiliweza kwa kuomba Mungu. Basi na mizigo yake hatukuliweza. Kwa hiyo haikufaa kurudisha turbo ileile, ilitakiwa yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo tukiikosa, ni nyumba mbili zitakazokaa zikitazamana: yangu, na ya wifi yako, mke wa marehemu.

Unakumbuka desturi ya Baba. Hakuna nati iliyofungwa kwenye gari lile kabla haijakataliwa. Mmoja akileta wazo, mwingine kazi yake ni kulikataa, alipende asilipende, mpaka maneno yamwishie. Baba alikuwa akikaa juu ya tairi na kusema, "Kataeni kwanza." Nilipotaka kulipaka gari rangi nyeupe, Mbishi alinikatalia kutwa nzima, akasema wateja watadhani tumekuja kuchukua wagonjwa. Naye alipotaka kufunga winchi aliyoitoa kwenye mtambo wa kuchimbia visima, nilimkatalia hadi akasusa chakula. Aliyeinunua ile winchi baadaye ilimkatikia kamba hadharani, na Mbishi hakuniambia kitu, ila alinimenyea chungwa.

Kwenye turbo, mimi nilisema ndogo. Umbo lilelile la zamani, ila mapanga yake yamechongwa vizuri zaidi. Inaamka mapema. Kuvuta ni kuanza kutoka chini, injini inazunguka polepole na mzigo umeshakaa mgongoni. Kubwa inalala mpaka injini ipige kelele, na itakapoamka klachi imeshanuka na moshi mweusi umeshafunika mtaa. Mbishi akasema kubwa. Akasema kwenye mpando mrefu hiyo ndogo yangu itapumua kama mtu aliyezibwa pua, itajizungusha mpaka ife, na joto la moshi litapanda hadi mshale wa geji ukose pa kwenda. Kuna aina ya tatu, yenye vijibawa vinavyojipanga vyenyewe kwa umeme. Hiyo tuliikataa wote wawili kwa sauti moja, tukatazamana kwa mshangao, tukarudi kwenye ugomvi wetu.

Tulibishana tangu mvua zilipoanza. Kisha asubuhi moja moyo wake ukasimama akiwa amekaa kitandani amevaa kiatu kimoja. Hayo uliambiwa. Hukuambiwa kwamba jana yake nilikuwa nimemletea hoja nzuri sana ya klachi, naye alikuwa amesema ngoja akailalie.

Basi ikabaki mimi kuchagua. Nikaenda kwa fundi wetu wa turbo, yule mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Fundi huyu zamani alikuwa akituambia waziwazi kwamba sisi sote wawili ni wapumbavu. Nikamweleza yangu. Akanitazama kwa macho ya msiba, akasema, "Unavyoona wewe, bosi wangu." Nikamwambia basi pengine kubwa. Akasema, "Na hiyo ni nzuri pia." Nikamuuliza mke wangu, akasema mimi ndiye ninayejua. Jirani yetu, ambaye hana hata baiskeli na hajawahi kukosa maoni, aliniambia nisijisumbue, nipumzike.

Kila mtu amekuwa mpole kwangu, Dada. Ni kama kuegemea mlango usiofungwa.

Nikapiga moyo konde nikaenda duka la vipuri. Nikasema nataka ndogo. Muuzaji akasema, "Pole sana na kaka," akageuka akaanza kuifunga kwenye gazeti bila kuuliza lolote. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka na mimi nikaona jambo zima linaisha hivihivi, bila mtu kusema hapana. Nikasema, "Ngoja kwanza. Unaniuziaje turbo ndogo na mimi navuta mabasi?" Akashtuka. Nikamwambia itazibwa pua, itajizungusha mpaka ife, mshale utakosa pa kwenda. Nikamwambia yote. Nilikuwa nagonga kaunta kwa kidole cha kati kama Mbishi, na sauti yangu ilikuwa imepanda kama yake. Nilitegemea yule bwana anijibu. Jibu lilikuwepo, mimi mwenyewe nilikuwa nalo mfukoni, ilibaki yeye aliseme. Akasema, "Kweli kabisa, mzee," akaenda stoo akaleta kubwa. Nikalipa, nikaibeba, nikashukuru.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaona nimenunua nini. Hata mguu wake haukai kwenye injini yetu, matundu ya bolti hayafanani. Nikaiweka mezani. Mke wangu akaja, akaitazama, akasema ni nzuri. Tukala chakula cha jioni imekaa katikati ya sahani kama mgeni asiyezungumza.

Ilikaa pale mpaka wifi yako alipokuja kutujulia hali. Amekonda, lakini amesimama imara, usiwe na wasiwasi naye. Aliikuta ile turbo, akaondoa kitambaa nilichoifunikia, akaizunguka. Kisha akasema, "Shemeji, mbona umenunua hii?"

Nikamwambia ndiyo aliyoitaka marehemu.

Akaniangalia kama ninayemtania. Akasema, "Nani aliyetaka? Huyu si alikuwa akija nyumbani anacheka peke yake? Ananiambia, dogo yuko sawa, ndogo ndiyo yenyewe, ila lazima nimkatalie vizuri asije akapumbaa. Siku ile ya mwisho alilala amekasirika. Anasema, leo kaniletea ya klachi, sina tena la kumjibu."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema alikuwa akimsikia kila siku kitandani akitunga maneno ya kunikatalia, na yakimwishia anamuuliza yeye.

Mke wangu akaanza kucheka, wifi yako naye akacheka, halafu wakalia wote wawili wameshikana mikono juu ya ile turbo. Mimi nilikaa. Nilijua hapa ndipo mtu analia. Nikasubiri, haikuja, nikaenda kutafuta gazeti la kuifungia irudi dukani.

Muuzaji aliibadilisha bila ubishi. Fundi akafunga ndogo, akabadilisha bomba la oili na kichungi cha hewa, akanifungia na geji ya joto la moshi mbele ya usukani. Kampuni ya mabasi ikatupa basi moja la kujaribia, limekufa gia chini kabisa ya mpando, mizigo yote juu. Abiria walikuwa wameketi kando ya barabara wanatutazama kama watu waliokata tamaa kabla yetu.

Nikafunga minyororo, abiria wakarudi ndani ya basi, nikainua, nikaingiza gia ya kwanza. Dada, ilivuta. Iliamka pale chini kabisa, kabla sijakanyaga vya kutosha. Kwenye ile kona ambayo tulikuwa tukisimama kila mara kuweka mawe kwenye tairi, nilipita bila kubadilisha gia. Mshale ulipanda, ukafika mahali, ukatulia. Moshi ulikuwa wa kawaida, klachi haikunuka. Kule juu dereva wa basi akaja dirishani akasema gari hili lina roho ya tembo. Nikamwambia ndiyo.

Nikageukia kiti cha pili kusema "Umeona?" Pale palikuwa na kopo la grisi na kamba.

Nilikuwa nimeshinda ubishi wa msimu mzima. Nilikaa mle ndani mpaka abiria wakaanza kunipigia honi ya basi lao wenyewe. Sikuhisi furaha, na sikuhisi huzuni. Nilihisi nimechoka, na nikawaza kwamba gari hili sitaki kuliendesha tena.

Ndilo jambo lililonifanya nikuandikie badala ya kupiga simu. Nataka kuliuza gari la Baba. Mwenye gereji ya jirani analitaka, na kwa kuwa sasa lina turbo mpya halitakosa mtu. Fedha tutagawana na wifi yako, mimi nitatafuta kazi ya kuendesha magari ya watu, niwe nafika, nakabidhi funguo, narudi. Sababu zangu ni hizi. Gari ni la watu wawili na mimi ni mmoja. Kila nati niliyonayo mbele yangu nitaifunga bila kukataliwa, na siku moja nitafunga iliyo mbaya juu ya mpando na basi nyuma yangu. Na kile kiti, Dada. Nimejaribu kuweka mizigo juu yake na haisaidii.

Nimemwambia mke wangu. Amesema, "Unavyoona wewe, mume wangu." Nimemwambia wifi yako, nikitegemea angalau yeye, maana ndiye aliyekuwa akimpikia marehemu maneno ya kunikatalia. Akainamisha kichwa akasema, "Ni sawa, shemeji. Sitaki kukulazimisha." Fundi amesema ni wazo zuri. Hata jirani amesema ni wazo zuri.

Umebaki wewe. Baba alikuwa akisema na sisi wanaume, lakini nakumbuka nani alikuwa akishinda. Wewe ulikuwa ukitukatalia sote wawili kupitia dirisha la jikoni huku unamenya viazi, na Mbishi alikuwa akiniambia tushushe sauti, Dada asisikie. Sababu zangu nimeziandika hapo juu. Zinaonekana nzuri. Lazima zina tundu mahali, mimi silioni, na aliyekuwa akinionyesha matundu hayupo.

Usinionee huruma. Usiniambie nimepitia magumu, nimeambiwa na mji mzima. Usiniambie nifanye ninavyoona, mimi sioni. Mwenye gereji nimemwambia asubiri jibu lako, naye amekubali, kama wote wanavyokubali.

Nisalimie baba watoto, na kifungua mimba wako mwambie mjomba anamtaka aache kukuza ndevu kabla hazijakua. Mdogo wake, yule mwenye maswali, mpige busu la utosini. Wifi yako mkubwa anakusalimu, na wifi yako mdogo anasema kile kitambaa ulichotuma kimemtosha, ingawa si kweli, nimemwona akikiachia pindo. Mungu akutunze huko uliko, akupe afya, na hilo goti alikumbuke.

Ukishamaliza kusoma, Dada, kaa chini, vuta pumzi, unikatalie.

Wako akupendaye, anayengoja ukali wako,

Mdogo wako wa mwisho.