Mama Wagaye na Mtandio Uliofifia Pindo

Mama yetu Wagaye, mwaka umekatika tangu utuache, siku nne kabla ya Timkati, sikukuu ya ubatizo wa Bwana, ua ukiwa umejaa nguo nyeupe za watu zikingoja mikono yako.

Nusu ya mji wetu wa Debre Tabor ilikuletea wewe nguo zake zilizofumwa kwa mkono. Ulitwanga matunda ya endod mpaka yakatoa povu, ukazikanyaga nguo taratibu kwa miguu, ukazisuuza kwa maji matatu, ukazianika kivulini. Hukukamua hata moja. Aliyekamua mbele yako alikiona cha moto: "We! Hiyo ni shingo ya kuku? Iache!"

Maneno laini hukuwa nayo. Lakini mgonjwa alirudishiwa gabi lake, shuka zito la kujifunika, limekunjwa vizuri, na ndani yake mkate wa moto.

Anayeandika haya ni mimi, Selamawit, kitinda mimba wako. Baba na dada Tirunesh wamesema niandike mimi, na wanajua kwa nini.

Pasaka ya mwaka juzi nilikuja kutoka Addis Ababa, nikataka kukupumzisha. Nikauchukua mtandio wako wa netela, ule aliokufumia Baba mwaka mliooana, nikauloweka kwenye dawa kali ya kutoa madoa. Nilipoutoa, pindo lake jekundu na kijani lilikuwa limebaki rangi ya chai ya maziwa. Uliutazama, ukaenda kuuanika bila kusema neno. Heri ungenichapa. Kesho yake nikapanda basi, na aibu ikanizuia kurudi. Nilipokuja tena, nilikuja kukuzika.

Siku ya arobaini, jirani yetu Etiye Zenebu alinishika mkono.

"Kumbe hujui? Mama yako kila Jumapili alikuja kanisani na mtandio huo huo. Nikamwambia, 'Wagaye, hilo pindo limeliwa na nini, mbuzi?' Akanijibu, 'Huu kanifulia Selam wangu. Wewe wako wamekufulia nini?' Loo, mwanangu! Wangu hawajanifulia hata leso!"

Baba naye akaniambia alitaka kukufumia mwingine. Ukamjibu, "Fuma ukipenda. Huu siuvui."

Nililia sana, Mama. Kosa nililolikimbia mimi, wewe ulikuwa ukilivaa. Na hukunitumia hata salamu ya kuniambia, kwa kuwa kwako jambo lilikwisha siku ile ile ulipouanika. Ni mimi niliyeendelea kuliloweka.

Jana niliufua mwenyewe. Nilitwanga endod, Tirunesh akinisimamia kwa ukali wako wote: "Polepole! Unakanyaga nguo, hukanyagi udongo." Maji ya tatu yalitoka safi. Baba alikaa kando ya kitanda chake cha kufumia, akautazama mpaka ukakauka.

Jumapili hii, kwenye misa ya kukuombea katika kanisa la Mikaeli, nitajifunga mtandio huo, pindo likiwa shingoni kama tufanyavyo wafiwa. Atakayeniuliza limeliwa na nini, jibu ninalo.

Unakumbukwa na mumeo Mesfin, wanao Tirunesh na Selamawit, mkweo Getahun, wajukuu wako Hiwot na Natnael, pamoja na jirani yako Zenebu, ambaye bado anatafuta la kukujibu.

Hatutakusahau, Mama, siku zote za maisha yetu.