Jumapili Usimchezee Casimiro Kisisili

Mpwa wangu mpendwa Odalmis,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mgongo wa mama yako umepoa. Mimi ni mzima kuliko Holguín yote, mji ambao, kama unavyojua, hauthubutu kupanga kete za sataranji bustanini mpaka mjomba wako nimeshakunywa kahawa.

Mama yako kaniambia Jumapili unacheza na Casimiro muuza nyama, wewe kete nyeusi, na ukimfunga unaingia timu ya wilaya. Ukifungwa, nafasi anapewa mwingine. Unauliza uanze vipi, maana umejifunza juzi tu na kila mtu anakutajia nchi yake: huyu mwanzo wa Kifaransa, yule wa Kisisili. Najua mwenye kelele za Kisisili ni mimi. Nilikwambia mwenye kete nyeusi ni mtu aliyevamiwa kwake, na aliyevamiwa hasalimiani na mtu. Anapiga ubavuni, panapouma.

Sasa nisikilize. Casimiro namjua kwa ngumi. Siku ile nilifika bustanini, nikauliza wa mwisho ni nani, nikasimama foleni mpaka jua likanikausha, maana pale anayefungwa anainuka na mshindi anabaki kitini. Casimiro alikuwa hajainuka tangu asubuhi. Ametoka buchani, damu ya nguruwe kwenye kucha, anaipiga saa ya mchezo kama anavunja mbavu. Zamu yangu ilipofika, nikampa bwana wa nyuma yangu anishikie kahawa niliyotoka tu kununua, ya moto, nikakaa, nikacheza Kisisili.

Mengine umeyasikia. Nilimpiga kwa ubao usoni. Akanikaba koo, akanigongesha kwenye ukingo wa meza ya saruji; hapo ndipo nyusi hii ilipopasuka. Nikamng'ata sikio, nikamvunja pua kwa ile saa, nayo ikaendelea kugonga mkononi mwangu. Wauza karanga wawili waliokuja kuamua niliwalaza mmoja juu ya mwenzake, na polisi nikamvua kofia. Kete nyeupe zililowa damu mpaka hatukujua zipi ni za nani. Casimiro alitema jino kiganjani, akalitazama, akalitia mfukoni, akanirudia.

Kila Desemba, tukila nguruwe mezani kwenu, nawaambia tulipigana kwa sababu aliniibia: alishika farasi akacheza askofu, na kete ukishaigusa ndiyo hiyo hiyo unayocheza.

Jumapili achana na Kisisili. Akisukuma askari wa mfalme wake hatua mbili, sukuma na wako mbili, wasimame pua kwa pua. Toa farasi wako, mfiche mfalme nyuma ya ngome mapema. Askari wa ukingoni kabisa usimguse, hata ukijiona shujaa. Zaidi ya yote mchunge askari aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Huyo analindwa na mfalme peke yake, na Casimiro anamtamani kama ini. Atatoa askofu amlenge, kisha malkia atasimama kumkabili, mapema mno, mpaka udhani mzee kakosea. Hajakosea. Mweke farasi kati ya malkia na askari huyo.

Utajiuliza nimejuaje. Odalmis, Casimiro hakuiba. Malkia wake alisimama pale, mimi nikasukuma yule askari wa ukingoni, malkia akamla yule wa mbele ya askofu, mfalme wangu akakosa pa kukimbilia, ikawa imekwisha. Wala hakunicheka. Aliniambia taratibu tu, "Kaka, inuka, wenzako wako foleni." Iliyocheka ni foleni. Ndipo nikapindua ubao, wa nyuma wasije wakaona.

Mama yako msalimie sana, karatasi hii usimwonyeshe. Na Casimiro, ukishamfunga, mpe mkono kwa niaba yangu. Alisogeza kete mara nne tu akanifunga, mwanangu. Nilipotolewa pale nikivuja damu, yule bwana wa nyuma yangu alinirudishia kahawa yangu, na ilikuwa bado inaunguza ulimi.

Ni mimi mjomba wako,
Eulogio