Kwa Nini Sikukutumia Riwaya Yangu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupunguzia maudhi ya ngazi. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo haijatulia. Mwambie shemeji miwani aliyoisahau kwangu ninayo.

Umeniuliza mara tatu kwa nini sijakutumia riwaya yangu, nawe ndiye uliyewatangazia majirani kabla haijachapwa. Ukweli ni kwamba imeniaibisha. Uliijua tangu ikiwa wazo: mapenzi ya mkunga na tabibu, zama zile wagonjwa walipotibiwa kwa kutolewa damu na hakuna aliyejua kunawa mikono kunaokoa mtu. Niliiandika miaka minne. Mwezi uliopita maktaba ikaniita niisome mbele ya watu.

Akasimama mama mmoja, mkunga mstaafu, nakala yake imejaa vikaratasi. Alisema alikuwa ameisubiri kwa hamu, maana wakunga hawaandikwi. "Lakini mwanangu," akasema, "mkunga wako amezalisha wanawake kumi na wawili na gauni lake halijapata doa! Tabibu anamtazama machoni kurasa tatu nzima, mgonjwa kitandani hana hata jina." Ukumbi ukaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Akaongeza kwamba kila uchungu unapoanza, wapenzi wangu hutoka barazani kutazama mvua.

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kusimama karibu na mwanamke anayejifungua. Nikajibu ndiyo, nilisimama na dada yangu, nikamshika mkono mpaka mtoto akalia. Wakanipigia makofi.

Dada, unajua sikuwamo chumbani ulipojifungua. Usilolijua ni nilikokuwa. Miaka ishirini na sita umewasimulia watu nilivyohangaika juani kukutafutia gari. Sikutafuta gari lolote. Mkunga aliponiambia nikushike mabega, niliona damu kwenye shuka, nikasema naenda kuleta gari, nikatoka mbio. Nilikaa nyuma ya karakana ya seremala nimeziba masikio, hadi nilipoona watu wanapita wakishangilia kuwa ni msichana. Nikajimwagia maji ya bomba usoni yaonekane jasho, nikarudi nikihema. Ukanishika mkono, ukaniambia pole. Wewe, uliyechanika vile bila wa kukushika, ukanipa pole mimi!

Juzi mwanao kanipigia simu. Anataka niwe naye siku yake ya kujifungua ikifika, kwa kuwa, alisema, mama mdogo hakumtupa mama. Hapo nikashindwa, nikamweleza yote. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi anza na mama. Akishajua, ndipo tuzungumze habari ya kuja."

Ndiyo maana naandika. Sikuombi unisamehe upesi, wala usinifiche ukikasirika. Riwaya nimeifunga pamoja na barua hii. Isome, au iweke chini ya mguu wa meza inayoyumba. Ila mwezi ujao nataka kuwamo chumbani, na woga wangu uleule. Neno ni lako, na la mwanao.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na ujitunze.

Ni mimi, mdogo wako.